Mwisho wa huzuni unaoshika: mwongozo kamili kwa waandishi na watengeneza filamu wa Mtwara na Lindi

Neno tanzia lina maana mbili. Ni taarifa ya kifo, ile inayosomwa redioni au kwenye spika ya msikiti, na ni jina la hadithi inayoishia pabaya. Filamu nyingi zinazotengenezwa nchini zimezichanganya maana hizo. Mwandishi akitaka watu walie, anaua mtu. Ndugu wanalia dakika nne, kinanda kinapanda, majina ya waigizaji yanashuka, na mtazamaji anatoka bandani akiuliza mechi inaanza saa ngapi.

Kifo cha mtu tusiyemzoea hakituumizi. Tunaumia tukimwona mtu akilipa bei aliyoikubali mwenyewe, kwa sababu tunayoielewa, ilhali mlango mwingine ulikuwepo na sisi tuliuona. Jambo hilo haliwezi kubandikwa dakika ya mwisho. Huwekwa kuanzia ukurasa wa pili.

Mwongozo huu unafuata hadithi moja ya mfano toka mwanzo hadi mwisho: filamu fupi ya dakika 20 iitwayo *Bakuli*, inayotokea kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba. Hakuna anayekufa ndani yake, na tumeichagua kwa sababu hiyo.

Hatua ya kwanza: sentensi moja kabla ya yote

Kabla ya kuandika onyesho lolote, andika sentensi moja yenye sehemu tatu: nani, amepoteza nini, kwa sababu alitaka nini. Ya kwetu ni hii: *Bi Somoe amepoteza shamba lake la mikorosho kwa sababu alitaka mwanawe asinyang'anywe pikipiki.*

Ipime. Sehemu ya tatu ikiwa ni jambo baya (alitaka utajiri wa haraka, alitaka mume wa mtu), utapata hadithi ya adhabu. Watazamaji watasema amekoma, na huzuni haitakuwepo. Sehemu ya tatu ikikosekana kabisa (amepoteza shamba kwa sababu mvua haikunyesha), utapata hadithi ya bahati mbaya. Watasema pole, basi. Huzuni inayodumu huhitaji nia njema iliyozaa hasara.

Sasa weka hesabu. Waandishi wengi wanairuka hatua hii, na hapo ndipo hadithi inapooza. Bi Somoe ana mikorosho 60. Kila mmoja ukimpa kilo 8, ni kilo 480, yaani magunia sita ya kilo 80. Shamba limewekwa rehani kwa shilingi 900,000 tangu marehemu mumewe alipougua, na makubaliano ni kulipa mwisho wa msimu. Mwanawe Hamisi yuko Mtwara mjini, anaendesha bodaboda ya mkataba. Amebakiza shilingi 450,000 pikipiki iwe yake, lakini amechelewesha malipo, na mwenye pikipiki amempa hadi Ijumaa.

Mnadani kilo inaweza kufika 3,000. Tukiyaweka makato pembeni kwa urahisi wa hesabu, magunia sita ni 1,440,000. Deni la shamba na la pikipiki kwa pamoja ni 1,350,000. Kwa hiyo angeweza kuokoa vyote viwili! Lakini mnada ni baada ya wiki tatu, na Ijumaa ni keshokutwa. Mtu wa kangomba, mchuuzi anayenunua korosho nje ya mnada kwa bei ya chini, yuko mlangoni na fedha mkononi: shilingi 1,000 kwa kilo. Anachukua magunia yote sita, anaacha 480,000.

Msomaji wa kusini hahitaji kuelezwa kangomba ni nini wala kwa nini serikali inaipiga marufuku. Kwa mtazamaji wa Mwanza au Tanga, weka sentensi moja tu mdomoni mwa mhusika. Hesabu zenyewe zitamfundisha.

Hatua ya pili: mlango mwingine uonekane

Mtazamaji asipoona njia ya kutokea, anakata tamaa mapema na kuacha kujali. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuionyesha njia hiyo kwa sauti, na awe mtu mwenye haki ya kusema. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ambako ukoo kwa asili unahesabiwa upande wa mama, mtu huyo ni mjomba. Mzee Bakari, kaka wa Bi Somoe, anafika jioni na kumwambia: "Subiri mnada, dada. Pikipiki zipo nyingi, shamba la wazee ni moja."

Ushauri wake uwe sahihi. Kosa la kawaida ni kumfanya mshauri awe mkali au mchoyo ili mhusika mkuu aonekane ana haki ya kumkataa. Mjomba Bakari awe mpole, na afike na mihogo. Kadiri maneno yake yanavyokuwa ya maana, ndivyo uamuzi wa dada yake unavyozidi uzito.

Mkoa wa Lindi umetoa mfano mkubwa wa mhusika anayeachiwa mlango wazi akakataa kupita. Ebrahim Hussein, aliyezaliwa mkoani humo mwaka 1943, aliandika tamthilia ya *Kinjeketile*, iliyochapishwa 1969, kuhusu Vita vya Majimaji vilivyoanzia Umatumbi mwaka 1905. Mwishoni Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani. Anatakiwa atamke kitu kimoja tu, kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwafikiria watakaozaliwa baadaye. Hatuhitaji kuoneshwa kamba ya kitanzi. Kukataa kwake ndiko mwisho wenyewe.

Hatua ya tatu: panda kitu kimoja, kionekane mara tatu

Utenzi wa Fumo Liyongo unafundisha hatua hii kuliko darasa lolote. Shujaa hadhuriki kwa silaha, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo anaitoa mwenyewe, tena kwa mwanawe, huku akishuku anachotumwa. Tukishaijua sindano, kila onyesho la baba na mwana linatutia baridi. Na baada ya kuchomwa, Liyongo anapiga goti karibu na kisima, upinde umevutwa, anakufa hivyo hivyo. Watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Ona: picha inayobaki kichwani ni ya watu wenye ndoo tupu, na damu huikumbuki.

Kwetu kitu hicho ni bakuli la bati la Bi Somoe, lenye rangi ya bluu iliyobanduka ukingoni. Litaonekana hivi:

Ukurasa wa 2. Jirani anakuja kuazima mchele. Bi Somoe anampimia kwa bakuli, na hafuti juu. Anajaza shumbi, punje zinamwagika ubaoni. Jirani anasema "yatosha, Bi Somoe," yeye anaongeza kiganja.

Ukurasa wa 11. Mchuuzi wa kangomba hana mzani. Anaomba chombo, anapewa bakuli lile lile. Kila bakuli la shumbi analiita kilo moja. Kamera ikae kwenye bakuli, isiende usoni.

Ukurasa wa 20. Tutaufikia.

Mara moja haitoshi, mtazamaji hatakumbuka. Mara tano ni kumpigia kelele. Mara ya kwanza kitu kionekane katika hali ya furaha au ya kawaida kabisa, bila muziki na bila kamera kukisogelea. Ukikisogelea mapema, mtazamaji mzoefu atakisoma mwisho wako dakika ya tatu.

Kuujua mwisho mapema, hata hivyo, hakuharibu huzuni siku zote. *Romeo and Juliet* ya Shakespeare inatangaza kwenye utangulizi kwamba wapenzi hao watakufa, na watu wanaendelea kulia kwa zaidi ya miaka 400. Ukitaka kufanya hivyo, tangaza waziwazi mwanzoni. Kinachoharibu ni mwandishi anayeficha kwa mkono mmoja na kufichua kwa mwingine.

Hatua ya nne: furaha iwe theluthi

Katika kurasa 20, ukurasa mmoja kwa wastani wa dakika moja, tenga kurasa tano hadi saba za furaha halisi kabla hasara haijaanza. Watu wacheke, wale, wataniane. Filamu inayoanza kwa majonzi haina pa kushukia, kama mtu anayetaka kuzama kwenye maji ya kifundo cha mguu.

Msimu wa korosho unakupa furaha hiyo bila gharama: watoto wanaofyonza mabibo na kuchafua mashati, mashindano ya kuokota, akina mama wanaobangua na kukaanga chache za nyumbani, jioni ya hadithi. Mpe Bi Somoe utani na jirani yake. Mpe wimbo anaouimba vibaya. Mtazamaji akimpenda kufikia dakika ya saba, kazi yako imekwisha nusu.

Hatua ya tano: andika onyesho la mwisho kwanza, kisha toa maneno

Andika maonyesho mawili ya mwisho kabla ya kuandika katikati. Hapa tukae kidogo.

Ukurasa wa 15 bei ya mnada imesomwa mbele ya wakulima: 3,000. Wenzake wanapiga vigelegele, Bi Somoe naye anapiga makofi. Shamba limekwenda. Ukurasa wa 17 Hamisi anakuja kijijini na pikipiki ambayo sasa ni yake. Hajui chochote. Amemletea mama yake doti ya kanga. Rasimu ya kwanza ya waandishi wengi husomeka hivi:

HAMISI: Mama, nimekuletea kanga. Mavuno yalikuwaje?
SOMOE: (akilia) Mwanangu, nimepoteza shamba kwa ajili yako, lakini sijuti. Hakuna kama mama.

Onyesho limekufa. Mama ametueleza hadithi tuliyoiona, amemtwisha mtoto lawama, na amejisifu. Sasa hii:

HAMISI: Shikamoo mama.
SOMOE: Marahaba. Umekula?
HAMISI: Nitakula. Korosho zimeendaje mwaka huu?
SOMOE: Vizuri.
(Anaipokea kanga. Anaikunjua kidogo, anaikunja tena kwa mikunjo ile ile ya dukani.)
SOMOE: Nawa mikono, chakula kinapoa.

Neno "vizuri" ndilo kisu. Kanga yenyewe imeandikwa *Nani kama mama*, usemi ambao kila mtu anaujua, lakini hakuna anayeusoma kwa sauti na kamera isiuoneshe wote. Herufi za "nani" pembeni ya mkunjo zinatosha. Mtazamaji atamalizia mwenyewe, na kile anachokimalizia mwenyewe ndicho anachoondoka nacho.

Kanuni ya kazi: baada ya kuandika onyesho, kata nusu ya maneno, kisha msikilize mwigizaji akilisoma, ukate tena robo. Futa neno lolote linalotaja hisia: "nasikitika", "moyo unaniuma", "sijuti". Badala yake mpe mikono kazi. Mtu mwenye huzuni huku kwetu huchambua mchicha, hufagia uwanja uliokwisha fagiwa, hukunja nguo. Hakai akitazama dirishani. Nyumba nyingi za vijijini hata dirisha la kutazamia hazina.

Halafu ukurasa wa 20. Shamba lina mwenyewe mpya, na Bi Somoe ni kibarua, anaokota korosho chini ya mikorosho aliyoipanda, analipwa kwa bakuli. Bakuli ni lake, la bluu. Msimamizi amegeuka upande wa pili, anaandika daftarini. Angeweza kufuta juu kwa kiganja na kupimia mfuto, hakuna ambaye angemlaumu. Anajaza shumbi. Korosho moja inabingirika na kudondoka. Anaiokota, anaipangusa vumbi, anairudisha juu. Giza.

Kila kitu katika maisha yake kimebadilika isipokuwa mkono wake. Hadithi nzima iko hapo, na hakuna aliyeisema.

Kama lazima mtu afe

Basi msiba uwe wa kweli. Hapa makosa ni mengi, na watazamaji wa Mikindani, Kilwa Kivinje na Lindi mjini wanayaona mara moja.

Familia ya Kiislamu huzika haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo. Onyesho la mtoto anayesafiri siku tatu na kukuta maiti inamsubiri kwenye jeneza lililofunguliwa halitokei Mikindani. Uchungu wa kweli wa huko ni kufika na kukuta kaburi bichi, na huo unaumiza zaidi. Wanawake kwa desturi hawaendi kaburini, hubaki nyumbani kwenye majamvi. Kwa hiyo mke anayejitupa juu ya kaburi akipiga kelele ni uigaji wa filamu za mbali. Kamera yako ibaki nyumbani: wanaume wanaondoka na jeneza, sauti zinafifia barabarani, uwanja unakuwa mtupu, kandambili zimetapakaa mlangoni. Upande wa Masasi na Ndanda, kwenye familia nyingi za Kikristo, mambo ni tofauti: kuna ibada, wanawake wanakuwepo kaburini, kuna shada na kusoma wasifu wa marehemu. Amua wahusika wako ni wa wapi, uulize wazee wa hapo, ufuate.

Eda nayo imesahauliwa na waandishi. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi. Hadithi inayoishia siku ya mwisho ya eda, mwanamke anatoka nje kwa mara ya kwanza na kuona maisha ya kijiji yamesonga bila yeye, ina nguvu mara kumi ya onyesho la mazishi.

Usitumie kisomo au adhana kama muziki wa kutia huzuni. Ni ibada ya watu. Ikiwepo, iwepo kwa sababu mahali hapo ipo.

Kuhusu mhusika anayejiua, kuwa mwangalifu kuliko popote. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watengeneza filamu na michezo ya jukwaani mwaka 2019, na mambo makuu ni haya: usioneshe tendo wala njia iliyotumika, usilioneshe kama suluhisho lililoleta amani, na usitoe sababu moja nyepesi. Onyesha watu waliokuwa tayari kumsaidia na maumivu ya waliobaki. Kwenye banda kuna mtu ambaye wiki yake imekuwa mbaya sana, nawe hujui amekaa kiti kipi.

Hatua ya sita: kupiga picha za mwisho

Jambo la kwanza kwa wageni wa pwani yetu: bahari iko mashariki. Jua la Mtwara na Lindi linatoka baharini na kuzama nchi kavu. Ukitaka mhusika atembee ufukweni kuelekea jua, panga asubuhi jua linapochomoza, si jioni. Jioni jua huzama karibu saa 12 kamili mwezi Juni, na mnamo saa 12 na dakika 35 mwezi Desemba. Baada ya kuzama, mwanga laini unadumu kama dakika 20 tu. Kwa hiyo mazoezi yaishe saa moja kabla, kila mtu awe mahali pake, na usipange shoti zaidi ya tatu.

Na kuna adhana ya magharibi, ambayo huanza mara baada ya jua kuzama, ndani ya dakika 20 zile zile unazozitegemea. Piga shoti yenye maneno kabla, shoti ya kimya baada. Ukilazimisha, sauti yako itakatwa katikati na utashindwa kuunganisha.

Simu inaharibu magharibi kwa njia yake: kadiri giza linavyoingia, yenyewe inaongeza mwanga na picha inajaa punje. Bonyeza kioo kwa kidole usoni mwa mwigizaji hadi ijifunge, kisha punguza mwanga kidogo. Weka picha 25 kwa sekunde. Simu ikae kwenye stendi, maana huzuni haivumilii mkono unaotetemeka.

Onyesho la ufukweni limalizwe siku moja. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka kwa mita tatu hadi nne, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ukirudi kesho saa ile ile, mtumbwi uliokuwa unaelea utaukuta umelala kwenye matope. Kama huna budi kugawa siku mbili, rudi dakika 50 baadaye, au chagua siku za maji mafu ambapo tofauti ni ndogo.

Upepo wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, unameza maneno. Ivalishe maiki sponji na kipande cha nguo ya manyoya. Maiki ya kubana ikiwekwa chini ya kanga itasugua kila mwigizaji anapopumua, kwa hiyo ibandike kwa plasta ya hospitali upande wa ndani wa nguo iliyobana mwili. Mwisho wa kila onyesho, watu wote wasimame kimya, urekodi mahali hapo kwa dakika moja: ndege, majani, jenereta ya mbali. Utakihitaji kimya hicho mezani, wakati wa kuhariri, kuliko muziki.

Kwa *Bakuli*, msimu unakuamuru. Mikorosho huchanua Juni hadi Agosti, korosho huanguka kuanzia mwisho wa Septemba hadi Desemba. Onyesho la ukurasa wa 20 haliwezi kupigwa Machi. Kama una onyesho la kupulizia dawa, usitumie salfa ya kweli karibu na waigizaji, inachoma macho na kukera kifua. Unga wa muhogo unafanana vya kutosha.

Vibali visisahaulike. Filamu ziko chini ya Bodi ya Filamu, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Kijijini nenda kwa mtendaji na mwenyekiti kabla hujafungua begi la kamera. Kwenye shamba, muombe mwenye shamba mwenyewe, maana mgeni anayepima korosho kwa bakuli mbele ya kamera ataleta maneno.

Hatua ya saba: mezani

Shoti ya mwisho iachwe. Wahariri wengi hukata sekunde ya nne kwa hofu kwamba watu watachoka. Kuanzia korosho inapodondoka hadi inaporudishwa juu ni kama sekunde 9. Iache, kisha ongeza sekunde 4 za mkono uliotulia. Halafu skrini nyeusi sekunde 3, sauti ya shamba ikiendelea. Ndipo jina la kwanza.

Muziki usianze kabla uso wa mwigizaji haujabadilika. Ukitangulia, unamwambia mtazamaji ahisi nini naye anagoma. Jaribu kwanza bila muziki kabisa. Onyesho lisiposimama bila kinanda, tatizo liko kwenye maandishi, rudi hatua ya pili.

Sauti ya msimulizi inayotoa funzo mwishoni, ondoa. "Kumbe ilikuwa ndoto", ondoa. "Itaendelea" iliyowekwa kwa sababu mwandishi ameogopa kufunga, ondoa hasa. Filamu zetu zilizoea kukatwa sehemu ya kwanza na ya pili kwa ajili ya kuuza diski mbili, na mazoea hayo yamebaki hata soko lilipobadilika.

Mfadhili naye atataka shamba lirudi. Hilo ni la zamani: mwaka 1681 mshairi Nahum Tate aliiandika upya *King Lear* ya Shakespeare, akamwacha mfalme hai na bintiye akaolewa, na majukwaa ya Uingereza yakaigiza hiyo hadi miaka ya 1830, ndipo mwisho wa Shakespeare uliporudi kwa uthabiti. Mweleze mfadhili hesabu: mwisho ukigeuka, ukurasa wa 11 unakosa kazi, na yeye ameulipia.

Tamthilia ndefu na hadithi za kusoma

Katika tamthilia ya vipindi kumi, hasara isije dakika tano za mwisho. Iweke theluthi ya pili ya kipindi cha kumi, dakika zilizobaki tuwaone watu wakiishi na pengo. Mbegu yake iwe kipindi cha kwanza au cha pili. Usiue mhusika kwa sababu mwigizaji amegombana na mtayarishaji; watazamaji wanajua.

Hadithi inayotumwa sehemu kwa sehemu kwenye simu ina tabu yake: umemzoesha msomaji taharuki kila siku, na mwisho wa huzuni unataka utulivu. Sehemu mbili za mwisho zitume siku moja, la sivyo kikundi kizima kitakuandikia mwisho mwingine usiku huo. Kwenye kitabu huna uso wa mwigizaji, kwa hiyo aya ya mwisho ibebwe na tendo. Kipimo chake ni chepesi: ifiche aya ya mwisho kwa kiganja, usome iliyotangulia. Mara nyingi utakuta hadithi ilikwisha hapo.

Hatua ya nane: jaribu kwa watu

Tafuta watu 8 hadi 12 wasiokujua, wa rika mchanganyiko. Banda la video mchana wa siku ya kazi linatosha. Usikae nyuma yao. Kaa pembeni uwaone nyuso. Andika dakika ambayo simu ya kwanza inawaka, maana hapo umewapoteza.

Wakimaliza uliza swali moja: Bi Somoe angefanya nini kingine? Wote wakijibu "hakuna", mlango mwingine hauonekani, mwongezee mjomba Bakari sentensi mbili. Wote wakisema "mjinga yule mama", sababu yake haijashika, rudi ukurasa wa 8, Hamisi anapompigia mama yake simu, na utupe sauti ya kijana anayeogopa. Wakianza kubishana wao kwa wao, wazee upande wa shamba na vijana upande wa pikipiki, usiguse kitu.

Siku ya kuonesha rasmi, iwe Shangani ya Mtwara au uwanja wa shule Nachingwea, elewana mapema na mwendesha mtambo na mshereheshaji. Taa zisiwashwe hadi jina la mwisho lipite. Maiki isishikwe kwa dakika moja nzima. Kutakuwa na kikohozi, mtoto atauliza kitu, mama yake atamjibu kwa kunong'ona. Waache wamalizane.